Sauti ya Kiswahili, Picha ya Nani? Uhakiki wa Uongozaji wa Picha na Sarufi ya Utangazaji wa Soka katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Uhakiki wa Kiswahili kuhusu matangazo ya michezo umeelemea kwenye sauti: msamiati wa mtangazaji, tamathali zake na uchanganyaji wake wa lugha. Makala haya yanahakiki upande ambao haujapewa uzito sawa, yaani picha yenyewe na mafundi wanaoitengeneza ndani ya gari la kurushia matangazo. Hoja kuu ni kwamba katika televisheni sentensi ya Kiswahili haikamiliki kinywani mwa mtangazaji. Viambishi vyake vya nafsi na vya njeo hupata maana kutoka kwenye picha iliyochaguliwa na mwongozaji. Kwa hiyo lugha ya kazi ndani ya gari, mafunzo ya mafundi na umiliki wa kumbukumbu za picha ni masuala ya lugha, na yanastahili kuingizwa katika sera ya Kiswahili kabla ya Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Mifano ya sentensi za utangazaji iliyomo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi.

1.0 Utangulizi

Tarehe 30 Agosti 2025, katika Uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Morocco iliifunga Madagascar mabao 3–2 na kutwaa ubingwa wa CHAN 2024, mashindano yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Bao la ushindi lilifungwa na Oussama Lamlioui katika dakika ya 80, kwa mkwaju wa mbali uliompita kipa aliyekuwa ameacha lango lake. Bao la aina hiyo lina masharti yake ya picha. Ili mtazamaji aelewe kwa nini mchezaji amethubutu kupiga kutoka mbali kiasi hicho, ni lazima aone mpigaji na kipa katika picha moja kabla mpira haujaondoka mguuni. Picha ya karibu ya mfungaji, hata ikiwa nzuri namna gani, ingeonyesha mguu na uso tu, na sababu ya mkwaju ingepotea. Picha pana inaonyesha nia, ilhali picha ya karibu inaonyesha matokeo ya nia hiyo.

Uamuzi wa kubaki kwenye picha pana au kuikata hufanywa na mwongozaji kwa muda usiozidi sekunde moja. Mtangazaji hushughulika na uamuzi huo baada ya kufanyika. Anaweza kuusifu, kuufidia au kuukwepa, lakini hawezi kuubadilisha. Hata hivyo, mtazamaji anapozungumzia ubora wa matangazo, jina analolitaja ni la mtangazaji. Mwongozaji hana jina, na kwa kuwa hana jina hana mhakiki.

Pengo hili lina historia. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilipata kituo chake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa miongo mingi, kwa hiyo, sanaa ya kutangaza mpira kwa Kiswahili ililelewa na redio. Sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo wa Radio Tanzania Dar es Salaam na Leonard Mambo Mbotela wa Kenya zilifundisha vizazi kusikia mpira kwa Kiswahili. Mtangazaji wa redio alikuwa jicho la pekee la msikilizaji: aliketi uwanjani, akaona uwanja mzima, akachagua mwenyewe cha kusema. Ilipofika televisheni, mtangazaji aliendelea na mazoea ya mwenye jicho, ingawa jicho lilikuwa limehamia kwa mtu mwingine.

Swali la makala haya linatokana na uhamisho huo: sarufi ya Kiswahili cha utangazaji hufanya kazi gani pale inapowekwa juu ya picha iliyoamuliwa na mtu mwingine, na ni nini kinachofuata kutokana na hali hiyo kwa watunga sera?

2.0 Picha kama matini

Tarehe 16 Septemba 1937 BBC ilionyesha kandanda moja kwa moja katika televisheni kwa mara ya kwanza, katika uwanja wa Highbury, Arsenal ikicheza na kikosi chake cha akiba. Tarehe 7 Desemba 1963 nchini Marekani, mwongozaji Tony Verna alirusha marudio ya papo kwa papo katika mchezo wa timu za jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Kati ya tarehe hizo mbili, na baada yake, kulijengeka kanuni ambazo leo mtazamaji huzichukua kama maumbile ya mpira wenyewe. Kamera kuu hukaa juu, usawa wa mstari wa kati. Kamera zote kuu huwekwa upande mmoja wa uwanja, ili timu inayoshambulia kuelekea kulia isionekane ghafla ikikimbilia kushoto. Picha inayotoka upande wa pili hutumiwa katika marudio, na mara nyingi hutambulishwa kwa maandishi au alama ili mtazamaji asipotee.

Kanuni hizo zinafanana duniani, lakini hazilazimishi mtindo mmoja. Mwaka 1975 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilichapisha kitabu kifupi kilichohaririwa na Edward Buscombe kuhusu soka katika televisheni, kikichunguza matangazo ya Kombe la Dunia la 1974. Mojawapo ya sura zake ililinganisha mtindo wa Uingereza na ule wa Ujerumani Magharibi. Jambo la msingi katika ulinganisho wa aina hiyo ni kwamba mchezo uleule unaweza kusimuliwa kwa namna mbili: mwongozaji mmoja akipenda uso wa mchezaji, mwingine akipenda mpangilio wa timu. Filamu ya Douglas Gordon na Philippe Parreno kuhusu Zinédine Zidane, iliyotoka mwaka 2006, ilifikisha wazo hilo mwisho wake. Kamera 17 zilimfuata mchezaji mmoja tu katika mechi ya Real Madrid na Villarreal ya tarehe 23 Aprili 2005. Mpira haukuwa tena mhusika mkuu, na mtazamaji hujikuta akiutafuta. Filamu hiyo inathibitisha kwa njia ya kinyume kwamba picha ya kawaida ya soka ni chaguo miongoni mwa machaguo.

Katika Afrika Mashariki machaguo hayo hukutana na mambo ya mahali. La kwanza ni jua. Viwanja vingi hujengwa jukwaa kuu likiwa magharibi, ili jua la jioni liwe nyuma ya wanaoketi hapo. Kamera kuu huwekwa jukwaani humo kwa sababu hiyohiyo. Mechi inapoanza saa kumi jioni, kivuli cha paa huanza kuingia uwanjani, na kufikia kipindi cha pili nusu moja ya uwanja huwa kivulini na nyingine juani. Fundi anayerekebisha mwanga wa kamera ana kazi ngumu: akifungua lenzi kwa ajili ya kivuli, upande wa jua unaungua na kuwa mweupe, akiifunga kwa ajili ya jua, winga aliye kivulini anageuka umbo lisilo na uso. Mtazamaji anayelaumu kamera kuwa mbovu mara nyingi anaona kazi ya saa za jioni za ikweta.

La pili ni la kijamii. Kwa kuwa kamera kuu hukaa jukwaa kuu, jukwaa hilo lenyewe halionekani katika picha kuu. Kinachoonekana nyuma ya mpira dakika zote 90 ni jukwaa la upande wa pili, ambako tiketi kwa kawaida ni za bei nafuu. Katika mechi ya watani wa jadi Simba na Yanga kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, mashabiki wa mzunguko, wenye jezi nyekundu upande mmoja na kijani na njano upande mwingine, ndio pazia la tamthilia nzima. Lakini mwongozaji anapohitaji picha ya karibu ya hadhira, mazoea humvuta kwenye nyuso za jukwaa la wageni mashuhuri. Watu wa mzunguko hubaki rangi, na watu wa jukwaa kuu hupewa sura. Hakuna mtangazaji aliyesema jambo hilo, wala hakuna neno linaloweza kukosolewa, lakini matini imekwisha kusema nani ni umati na nani ni mtu.

3.0 Sarufi inayotegemea picha

3.1 Kiambishi na mrejelewa wake

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda na mtendwa ndani yake. Katika utangazaji wa soka sifa hii ni neema, kwa sababu inampa mtangazaji kasi inayolingana na mpira. Tuchukulie sentensi hii: *Anampa, anamrudishia, anamzunguka beki, anaanguka!* Vitenzi vinne vimetaja angalau watu watatu, na ni mmoja tu aliyepewa nomino. Viambishi *a-* na *-m-* haviwatofautishi, kwa kuwa wote wamo katika ngeli moja. Ni nani aliyeanguka? Aliyerudishiwa mpira, aliyempa, au beki?

Msikilizaji wa redio hawezi kujibu, na ndiyo maana watangazaji mahiri wa redio walijaza majina: kila pasi ilikuwa na mtoaji na mpokeaji wake. Katika televisheni sentensi hiyohiyo inaeleweka bila jina hata moja, kwa sababu picha hutoa mrejelewa. Jicho humwona aliyeanguka, na sikio hukubali kwamba *a-* ni yeye. Picha imegeuka kuwa sehemu ya sarufi.

Utegemezi huo una gharama. Mwongozaji akikata kwenda kwa kocha aliye kando ya uwanja wakati pasi ya pili inatolewa, sentensi ya mtangazaji hupoteza mrejelewa wake katikati. Mtazamaji husikia *anamzunguka* huku akimwona mzee aliyevaa suti amesimama. Katika matangazo ya Kiingereza, ambako mtangazaji huweza kutaja majina peke yake bila kitenzi, mkato wa aina hiyo huvumilika. Jina hujitegemea, ilhali *anampa* haijitegemei. Hivyo mtindo wa kukata picha mara kwa mara, unaoigwa kutoka kwa ligi zinazotangazwa kwa lugha nyingine, hukibana Kiswahili zaidi kuliko lugha ulikotoka. Mhakiki anayemlaumu mtangazaji kwa kutoeleweka anapaswa kwanza kutazama picha iliyokuwa hewani sekunde ile.

3.2 Njeo na marudio

Marudio ni wakati uliopita unaorudishwa mbele ya macho kama wakati uliopo. Kiswahili kina nyenzo bora ya kulishughulikia jambo hili. Wakati wa tukio, mtangazaji hutumia *-na-* na *-me-*: *anapiga… amefunga!* Wakati wa marudio, lugha humpa *-li-* ya kufungulia na *-ka-* ya kuendeleza: *alimwona kipa ametoka, akauweka sawa, akapiga*. Kwa viambishi hivyo tu, mtu aliye jikoni anayesikia sauti bila kuona kioo hujua kwamba bao ni lilelile.

Watangazaji wengi hawafanyi hivyo. Huendelea na *-na-* juu ya marudio: *anamwona kipa, anapiga, goli!* Kosa hili hudhaniwa kuwa la uzembe, lakini chanzo chake kinaonekana zaidi katika mfumo wa kazi. Marudio huchaguliwa na fundi aliye mbele ya mashine ya kurudia picha, akamwarifu mwongozaji, naye akayarusha. Ikiwa mtangazaji hasikii maongezi ya gari, au anayasikia kwa lugha na istilahi asizozizoea, marudio humfikia ghafla, kama yanavyomfikia mtazamaji. Huanza kusema kabla hajatambua yupo katika wakati gani. Njeo sahihi inahitaji onyo la sekunde mbili. Onyo hilo ni huduma ya kiufundi. Matokeo yake ni ya kisarufi.

Hali ni ngumu zaidi kwa mechi za ng'ambo, ambazo mtangazaji huzitangaza akiwa studio huku akitazama kioo. Hapo haoni chochote ambacho mtazamaji haoni. Mchezaji wa akiba anayepasha misuli nje ya picha, mwamuzi anayezungumza na msaidizi wake, upepo unaopeperusha bendera ya kona: vyote hivyo havipo kwake. Anabaki mfasiri wa simulizi lililotungwa kwingine, na Kiswahili chake, hata kikiwa fasaha, huwa ni maelezo ya chini ya picha.

3.3 Kimya na sauti ya uwanja

Mazoea ya tatu yaliyorithiwa redioni ni hofu ya kimya. Redioni kimya ni hitilafu. Katika televisheni, kimya cha mtangazaji hufungua mlango kwa sauti nyingine: mguu kugonga mpira, kipa kuwapangia mabeki, ngoma na matarumbeta ya mashabiki. Sauti hizo haziingii zenyewe. Huwekwa vipaza sauti nyuma ya magoli na kandokando ya uwanja, na fundi sauti hupandisha kimoja na kushusha kingine kadiri mpira unavyosogea. Sehemu kubwa ya kile ambacho mashabiki wa Afrika Mashariki husema uwanjani, kwa nyimbo za mafumbo na za kejeli kwa watani, ni fasihi simulizi ya Kiswahili inayotungwa papo hapo. Mtangazaji asiyenyamaza huifunika. Fundi sauti anayeishusha kwa kuifikiria kelele huifuta. Wahakiki wa fasihi simulizi wana sababu ya kuijua kazi ya fundi huyu.

4.0 Lugha ya ndani ya gari

Kila mfanyakazi wa gari la kurushia matangazo husikia maagizo ya mwongozaji sikioni. Maagizo hayo yana umbo la hatua mbili: la kwanza humwandaa mpiga picha na fundi wa swicha, la pili hutekeleza. Istilahi zake, kama mashine zenyewe, zimetoka katika Kiingereza, na hata timu ambayo wafanyakazi wake wote ni Waswahili hujikuta ikitumia amri za Kiingereza zilizofungwa ndani ya sentensi za Kiswahili. Je, kazi hii inaweza kufanywa kwa Kiswahili kamili? Jibu halitoki katika uzalendo. Linatoka katika fonolojia.

Kamera huitwa kwa namba. Namba za Kiswahili kutoka 1 hadi 10 zina sifa ya ajabu: zote zina silabi mbili, na mkazo wa zote uko kwenye silabi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ya pili kutoka mwisho. *Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi*: hata *nne*, ambayo huandikwa kwa herufi tatu, hutamkwa kwa silabi mbili, ya kwanza ikiwa ni *n* inayojitegemea. Kwa mwongozaji anayehitaji mapigo sawa, huu ni utajiri. Namba za Kiingereza hazina ulingano huo.

Utajiri huo una kasoro tatu. *Nne* na *nane* hukaribiana sana penye kelele. *Sita* na *tisa* zina konsonanti zilezile zilizobadilishana nafasi. *Tatu* na *tano* zina silabi moja yenye mkazo, yaani ile ambayo sikio hulitegemea, na hutofautiana kwenye silabi hafifu tu. Mwongozaji akisema *tisa* uwanja mzima ukipiga kelele, na fundi wa swicha akasikia *sita*, picha isiyotakiwa huenda hewani kwa mamilioni ya watu.

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake, na limewahi kutatuliwa. Katika mawasiliano ya kimataifa ya urubani, namba 9 ya Kiingereza hutamkwa *niner*, na namba 5 hutamkwa *fife*, ili zisichanganywe redioni. Kiingereza kilirekebishwa ili kiifae kazi. Kiswahili kinaweza kufanyiwa vivyo hivyo: kamera ya nane ikaitwa kwa kazi yake, mathalani *goli kulia*, kamera ya tisa ikapewa jina lisilofanana na *sita*, au namba zinazogongana zikaachwa kabisa katika mpango wa kamera. Hatua ya amri pia inahitaji uamuzi. *Jiandae mbili… mbili!* hufaa kwa sababu kitenzi hutangulia na namba tupu hutekeleza. Amri ndefu yenye kitenzi mwishoni ingechelewesha mkato. Haya ni mapendekezo ya kujaribiwa kazini, na mwenye haki ya kuyakubali au kuyakataa ni anayevaa visikizio.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya njia iliyozoeleka ya kusanifisha istilahi. Orodha zinazotungwa mezani hutoa visawe vya nomino: kamera hii iitwe hivi, mashine ile iitwe vile. Lugha ya gari haiendeshwi na nomino. Huendeshwa na amri, mapigo na utofautishaji wa sauti. Istilahi fasaha isiyoweza kusikika penye vuvuzela haitatumika hata siku moja.

5.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la soko la ajira. Fundi anayefanya kazi kwa Kiingereza anaweza kuajiriwa popote duniani, na kumfundisha kwa Kiswahili ni kumfungia mlango. Hoja hii ina uzito, na hakuna sababu ya kuipuuza. Hata hivyo inachanganya mambo mawili. Fundi anahitaji Kiingereza cha kazi ili avuke mipaka; hahitaji kujifunza misingi ya kazi kwa lugha hiyo ili aielewe. Mpiga picha kijana anayeelezwa kwa Kiswahili kwa nini kamera zote hukaa upande mmoja ataielewa kanuni hiyo kwa undani, kisha atajifunza jina lake la Kiingereza kwa siku moja. Anayekariri jina bila kanuni hubaki mshika kamera.

Pingamizi la pili ni la kanuni za kimataifa. Katika mashindano makubwa, picha ya msingi hutengenezwa na mtayarishaji mmoja kwa ajili ya dunia nzima, kwa mtindo usioelemea upande wowote. Kombe la Dunia la wanaume, tangu mwaka 2002, limetengenezewa picha na kampuni ya HBS, na Michezo ya Olimpiki ina chombo chake, OBS, kilichoanzishwa mwaka 2001. Ni sahihi kwamba nchi mwenyeji haiwezi kudai picha hiyo isimuliwe kwa mtindo wake. Lakini mfumo huohuo huruhusu vituo vyenye haki kuongeza kamera zao wenyewe na kuchanganya picha kwa ajili ya watazamaji wao. Nafasi ya mtindo wa Afrika Mashariki ipo hapo, na ipo kwa upana zaidi katika ligi za ndani, ambazo hazidaiwi na dunia kitu chochote. Kwa ligi hizo, uigaji ni hiari.

6.0 Athari kwa sera

Mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kiasi hicho kinaonyesha kwamba picha ya mpira wa Afrika Mashariki imekuwa bidhaa yenye thamani kubwa. Kwa upande wake, Kenya iliona mwaka 2017 jinsi klabu zinavyoathirika kituo cha nje kinapositisha mkataba na kuondoka: fedha hukatika, na uwezo wa utayarishaji ulioegemea kituo hicho hutetereka pamoja nazo. Matukio haya mawili, likisomwa moja kando ya jingine, yanaelekeza kwenye mambo matatu ambayo washauri wa sera wanaweza kuyasimamia.

La kwanza ni kumbukumbu. Mechi inaporekodiwa, picha safi isiyo na maandishi, sauti ya uwanja na sauti ya mtangazaji zinaweza kuhifadhiwa kila moja kwenye njia yake. Gharama ya ziada ni ndogo wakati wa kurekodi, na haiwezekani kuvitenganisha vizuri baadaye vikishachanganywa. Kwa mtafiti wa Kiswahili, njia ya mtangazaji peke yake ni bohari ya lugha hai ya mazungumzo. Njia ya uwanja peke yake ni bohari ya nyimbo za mashabiki. Mikataba ya haki za matangazo inayohusisha mashirikisho ya taifa ingepaswa kuwa na kifungu cha kuweka nakala ya njia hizo katika maktaba ya umma baada ya muda wa kibiashara kupita. Bila kifungu hicho, kituo kikiondoka huondoka na kumbukumbu.

La pili ni istilahi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, pamoja na mabaraza na vyama vya taifa, ina mamlaka ya kuwakutanisha waongozaji, mafundi sauti, waendesha marudio na wapiga picha wa nchi wanachama. Kazi ya mkutano huo isiwe kupokea orodha. Iwe kurekodi maagizo yanayotumika sasa, kuyajaribu katika mechi za ligi, na kusanifisha yale yaliyopita mtihani wa kelele. Fainali za mwaka 2027, ambazo Shirikisho la Soka la Afrika liliwapa Kenya, Tanzania na Uganda mwezi Septemba 2023, zitavuta mafundi wa nchi zote tatu katika kazi zinazovuka mipaka. Mganda, Mkenya na Mtanzania watakaovaa visikizio vya gari moja watahitaji amri moja. Wasipopewa ya Kiswahili, watachukua iliyopo.

La tatu ni jina. Filamu fupi kuliko zote huandika mwishoni nani aliiongoza na nani alirekodi sauti. Mechi ya dakika 90, iliyofanyiwa maamuzi mamia kwa mamia, humalizika kwa matangazo ya biashara. Kuandika majina ya mwongozaji na mafundi wakuu hakuhitaji bajeti. Kunahitaji sekunde kumi. Pakiwa na majina, patakuwa na mitindo inayolinganishwa. Pakiwa na mitindo, patakuwa na uhakiki. Na vyuo vinavyofundisha Kiswahili na mawasiliano vitakuwa na cha kufundishia kisichotoka ng'ambo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mgawanyo kati ya lugha na ufundi, unaowaacha wanaisimu na mtangazaji na kuwaacha wahandisi na gari, hauendani na jinsi matangazo yanavyofanya kazi. Kiambishi *a-* hukamilishwa na kamera. Kiambishi *-ka-* husubiri taarifa ya fundi wa marudio. Wimbo wa shabiki huishi au kufa mkononi mwa fundi sauti. Namba *tisa* ni suala la fonolojia na ni suala la picha ipi iende hewani.

Kutokana na hayo, juhudi za kukuza Kiswahili cha michezo zinazoishia kwenye semina za watangazaji zitazaa matunda nusu. Mtangazaji anaweza kufunzwa akafunzika, lakini ataendelea kusema juu ya picha ambayo lugha yake haikushiriki kuitengeneza. Katika viwanja vya Mkapa, Kasarani na Namboole, vilivyokwisha kupokea mashindano ya mwaka 2025, nyaya zimepita na nafasi za kamera zinajulikana. Kilichobaki kuamuliwa kabla ya mwaka 2027 ni lugha itakayosikika katika visikizio, na mahali zitakapohifadhiwa kanda mashindano yakimalizika.